Fundi wa Magari Katika Kisiwa cha Punda

Nilimwahidi mke wangu kwamba mtoto wetu wa mwisho akimaliza sekondari tutahamia Lamu. Nilisema hivyo miaka mingi iliyopita, mtoto mwenyewe akiwa bado ananyonya, na mtu yeyote mwenye akili anajua kwamba anayosema baba wa mtoto anayenyonya, wakati mama hajapata usingizi siku tatu, si maneno ya kushikiliwa. Mke wangu aliyashikilia. Siku tuliyompeleka huyo kitindamimba chuoni Njoro, na godoro lake na ndoo yake na sufuria mbili, tulirudi nyumbani Kiamunyi tukaketi katika nyumba iliyokuwa kimya mno. Mke wangu akamimina chai, akasema, "Basi." Neno moja tu. Nami nikajifanya natafuta sukari.

Nieleze mimi ni nani, ili ujue kilichokuwa kikinisumbua. Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko kando ya barabara ya kuingia Rhonda, kiwanja kidogo chenye mabati upande mmoja, na ardhi iliyokunywa mafuta machafu miaka mingi hata mvua ikinyesha haifanyi tope. Sina cheti cha maana, na sina ile kompyuta ya kuchomeka kwenye gari ikuambie ugonjwa. Nina masikio. Gari likipita barabarani nami nimelala chini ya jingine, nitakuambia kama kuna silinda isiyochoma vizuri. Watu hutoka Njoro, hutoka Molo, wenye magari ya maziwa, walimu wa chuo, wakulima wa ngano na trekta zao. "Fundi, hebu skiza hii kitu." Nami nasikiliza. Hufumba macho kidogo, ingawa si lazima kufumba. Wateja hupenda.

Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyeniita jina langu mjini Nakuru. Mimi ni Fundi. Mke wangu, aliyefundisha chekechea miaka yote hiyo na kuwafuta kamasi nusu ya vijana wa Kiamunyi, ni Mke wa Fundi. Nilidhani jina hilo linamtosha, kwa sababu langu lilinitosha mimi.

Sasa, Lamu hakuna magari. Yaani yapo ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, lakini mji wenyewe ni vichochoro, na mzigo hubebwa na punda. Punda hana silinda, hana plagi, na akigoma hakuna wa kumfungua boneti.

Huko ndiko alikozaliwa mke wangu. Nilimpata kwa ajali ya kazi. Nilikuwa kijana, utingo wa lori la viazi, na lori likatufia pale Mokowe, bara kabisa, mkabala na kisiwa. Spea ilichukua siku tisa kufika. Mzee mmoja mwenye duka gatini alituhurumia akatulisha siku zote tisa, na chakula kililetwa kutoka kisiwani na binti yake. Siku ya kumi lori lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyekuwa nimeharibika. Nilirudi mara tatu na wazee, nikasilimu kwa ajili ya ndoa, na baadaye kwa ajili yangu mwenyewe, na bibi arusi akapanda nami mlima hadi Nakuru.

Mwaka jana kaka yake mkubwa alipiga simu. Huyu shemeji yangu ni fundi wa injini za boti, kibanda chake kiko ufukweni, na macho yake yameanza kufifia. Alisema, "Njoo tushirikiane. Wewe una macho, mimi nina wateja." Akaongeza kwamba angependa jibu kabla ya Aprili, kwa kuwa kuna fundi wa Mombasa anayeitolea macho nafasi ile.

Pale gereji habari ilipokelewa kwa furaha isiyokuwa na adabu. "Boss, unaenda kurepair punda?" aliniuliza fundi wa rangi, mtu ambaye nimemvumilia miaka kumi na tano. "Utawachange oil wapi?" Mwenzake wa kupiga panel alisema, "Wacheni mzee aende. Ni kukula samaki tu na kulala. Mimi kama ningekuwa yeye, ningekuwa nimeenda jana." Na mama anayetuuzia chapati na maharagwe alisimama na sufuria yake, akanitazama kwa uchungu wa kweli. "Fundi, na hizi chapo zako nne nani atakula?"

Nyumbani nilitoa sababu zangu. Nilisema joto litaniua, mimi ni mtu wa baridi, Julai ya Nakuru kwangu ni starehe. Nilisema watoto watakuwa mbali. Nilisema hata viazi. Mke wangu alisikiliza zote. Sababu yenyewe sikuitaja, nami nitaisema hapa kwa kuwa sasa haina madhara: niliogopa. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu, na kitu pekee nilichojua duniani ni kusikiliza gari, na nilikuwa nikitakiwa kuhamia mahali ambapo hakuna gari la kusikilizwa. Hapa mimi ni mtu. Kule ningekuwa mume wa mtu.

"Twende mwezi mmoja tu," alisema mke wangu. "Uonje. Ukishindwa, sitakutajia tena."

Anapoahidi, yeye hutimiza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tulikwenda mwisho wa Januari. Nilibeba sanduku langu lote la spana, na gunia la viazi vya Molo la kuwapa wakwe, kwa sababu mtu wa kwetu haendi ugenini mikono mitupu, na akili yake haimwambii kwamba kuna zawadi nyepesi kuliko viazi. Kutoka gatini gunia hilo lilipanda punda. Nilimfuata nyuma nikimsikiliza pumzi. Alikuwa mzima.

Siku za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyesahauliwa na saa yake. Niliamka alfajiri, nikaswali, nikavaa ovaroli, nikakaa. Shemeji hufungua kibanda saa tatu, hufunga adhuhuri, watu wakala, wakalala, mji mzima ukalala mchana kweupe, nami nikatembea vichochoroni peke yangu natokwa na jasho hadi kwenye soksi. Ndiyo, nilivaa soksi. Sijawahi kufanya kazi bila soksi.

Mke wangu, kwa upande wake, alikuwa amepotea. Wanawake walikuja kumwona tangu asubuhi, shangazi, binamu, waliosoma naye chuo cha Kurani, ua wa nyumba ukajaa mabuibui yaliyotundikwa na viatu mlangoni. Walimwita kwa jina lake. Siku ya pili nilisikia kicheko kutoka uani, kirefu, cha kupanda na kushuka, cha mtu anayejipiga mapaja, nikajiuliza huyu ni binamu yupi mwenye furaha hivi. Nikachungulia. Alikuwa mke wangu. Mimi, fundi wa masikio, sikukijua kicheko cha mke wangu. Niliondoka mlangoni taratibu asije akaniona.

Siku ya tano ndipo nilipofanya lile la kufanya.

Shemeji alikwenda mazikoni, akaniachia kibanda. Akaja mwenye boti mmoja na wenzake wawili, wamebeba injini mabegani. Kesho yake alikuwa na harusi ya bintiye, na boti lake ndilo lingewaleta watu wa bwana harusi kutoka upande wa pili wa kisiwa. Injini ilikuwa inawaka na kuzima. Nikaona mlango wa riziki umefunguka. Nikaitundika kwenye ubao wake, nikaifungua kabureta, ilikuwa imejaa uchafu, nikaisafisha. Plagi nikazikwangua. Kazi ya dakika arobaini, safi, hata mimi nilijipenda. Wazee wanne waliokuwa wamekaa kwenye baraza ya jirani wakasogea kutazama. Wakaja na wapita njia. Nilikuwa na wateja wa macho, kama Nakuru.

Nikavuta kamba. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

Basi nikaiacha iungurume, nikasimama kando, nikafumba macho.

Mzee mmoja akakohoa. "Fundi," alisema kwa upole, "pipa lipo."

Kweli kulikuwa na pipa kubwa la maji pale kando, lililokatwa kichwa. Asubuhi ile nilikuwa nimenawia humo mikono yangu ya grisi. "Nimeliona, mzee wangu, ahsante," nikasema bila kufumbua macho. "Nitanawa nikimaliza."

Hakuna aliyesema neno la pili. Baadaye nilielewa kwamba kule si adabu kumfedhehesha mgeni kazini kwake, zaidi akiwa mkwe wa watu. Walinikumbusha mara moja, wakamwachia Mungu. Laiti ingekuwa Rhonda! Pale hata mpita njia asiyejua spana ni nini angenipigia kelele, "Wee mzee, unachoma engine ya wenyewe!"

Nilisikiliza kwa dakika kama nne. Injini ilisikika vizuri. Kisha ikaanza kunuka mpira unaoungua, halafu sauti ikawa nzito, nami nikafumbua macho na kuzima haraka. Nikaigusa, ikanichoma. Nikatafuta rejeta, ile ya maji ya kupozea injini. Naandika haya nikijicheka, lakini siku ile nilizunguka injini ya boti mara mbili, mbele ya watu tisa, nikitafuta rejeta.

Shemeji aliporudi alitazama injini, akatazama pipa lililokuwa na ukoko wa grisi juu yake, akaelewa yote. Hakufoka. Alinikalisha. "Shemeji," alisema, "injini hii haina rejeta. Bahari ndiyo rejeta yake. Ina kijipangaboi cha mpira huku chini, kinavuta maji ya bahari kinayapandisha juu. Ukiiwasha nchi kavu, hicho kijipangaboi kinasugua chuma kitupu kinaungua. Ndiyo maana twaitia kwenye pipa kwanza." Akafungua. Kijipangaboi kilikuwa kimeyeyuka kama peremende mfukoni. Spea ilikuwa Mombasa. Kwa hiyo akaifungua injini ya boti lake mwenyewe, la kuvulia, akatoa cha kwake, akamtilia mwenye harusi. Kufikia alasiri kazi ilikwisha, na boti la shemeji likabaki limefungwa gatini halina mbele wala nyuma.

Mwenye boti alicheka mpaka akafuta machozi, akanialika harusini kwa nguvu. Kisha akaenda akawaambia watu wote.

Sijui habari husafiri vipi pale, maana hakuna magari. Kabla ya magharibi mji mzima ulijua. Nikipita kichochoroni, wazee barazani hawaniambii salamu alekum kwanza, wananiuliza, "Umeipa maji?" Watoto wa madrasa, "Umeipa maji?" Harusini nikiwa na sahani ya biriani mkononi, mtu nisiyemjua akanijazia gilasi, akasema, "Mpeni mgeni maji, asije akaungua." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikacheka nao. Mdomo ulicheka, lakini moyoni nilikuwa tayari nimepanda basi.

Siku iliyofuata harusi, mchana, nilimkuta mke wangu uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwambia naondoka Alhamisi. Yeye abaki amalize mwezi, lakini mimi siwezi kuwa kichekesho cha mji katika umri huu.

Hakuinua uso. "Wamekucheka?"

"Mji mzima."

"Siku ngapi?"

"Hii ya tatu."

Akatupa kijiwe kando. "Mimi miaka ishirini na sita," alisema.

Nilijua mara moja alichosema, na lazima nikieleze. Alipofika kwetu bibi arusi, ilikuwa Julai, tulifikia kwanza kwa mama yangu, shambani karibu na Njoro. Mama alikuwa ameandaa mursik kwa ajili yake. Ni maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kaa la mti maalum, yanakaa siku nyingi, yanatoka yakiwa ya kijivu na harufu ya moshi, na kwa watu wa kwetu hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Bibi arusi alitaka kuonekana si mvivu. Aliamka mapema akaingia jikoni, akafungua kibuyu, akaona maziwa yamebadilika rangi, yana chembe nyeusi, yananuka moshi. Akamhurumia mama mkwe, akadhani ni mzee haoni vizuri. Akayamwaga nje yote. Halafu, kwa wema wake, akakisugua kibuyu ndani kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka kikatakata. Kibuyu cha maziwa kikishaingia sabuni kimekwisha. Mimi ndiye niliyeingia jikoni nikamkuta anakianika juani, anatabasamu.

Kisa hicho nimekisimulia gereji. Nimekisimulia kwenye harusi za watu, kwenye matanga, mbele ya wanangu, mbele ya walimu wenzake. Huwa naigiza anavyosugua. Watu huvunjika mbavu, naye hutabasamu, nami nilihesabu tabasamu hilo kuwa ruhusa.

"Nikwambie kitu usichokijua," alisema. Mikono yake iliendelea na mchele. "Siku ya tatu baada ya kibuyu nilisema naenda sokoni. Nilikuwa na begi la nguo. Nikafika stendi ya Nakuru nikauliza basi la Mombasa."

"Lini?" Nilikuwa najua ni lini.

"Mama yako alinikuta pale benchini. Nilimwuliza amejuaje. Akasema, nani huenda sokoni na begi la nguo? Alikuwa na raba za shambani miguuni, zina tope. Akaketi karibu nami. Akatoa kibuyu kipya kwenye kiondo, na kile kijiti cha kusugulia, akanionyesha pale pale mbele ya watu, hivi, na hivi, bila maji mengi, bila sabuni. Kiswahili chake ulikijua. Alinambia, 'Mimi sitaambia mtu.' Tukanywa soda, tukarudi nyumbani. Na hakuwahi kumwambia mtu, mpaka Mungu akamchukua." Hapo ndipo alipoinua uso. "Wewe ndiye uliyesema."

Nilikaa chini, juu ya saruji, na suruali yangu safi. Nimefungua injini nyingi maishani nikakuta kosa ni la fundi aliyetangulia, na kila mara nimemtukana fundi huyo kwa sauti kubwa. Siku ile fundi aliyetangulia alikuwa mimi. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Haya," akanipa ungo. Nikamalizia mchele, vibaya, maana jioni tulitafuna mawe.

Alhamisi ikapita nikiwa pale pale.

Sasa sitadai kwamba niligeuka bingwa, kwa maana sikugeuka. Kwanza nilisafisha lile pipa mpaka chini. Kisha nikafanya kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa utingo: nilikaa kwenye kigoda nikamshikia mtu tochi. Shemeji alifungua, nami nikatazama. Alinifundisha kutazama kitundu kidogo ubavuni, ambako maji yanatakiwa kuchuruzika injini ikiwaka, yakikatika, zima. Nikavua soksi. Wiki ya tatu ikaja injini ambayo shemeji aliifungua mara mbili bila kuona kitu. Tukaitia kwenye pipa, nikafumba macho, safari hii kwa dhati, nikasikia nyuma ya mngurumo kitu kidogo kinachogonga na kuacha, kinagonga na kuacha. Ilikuwa beringi ya chini. Mwenye injini alimwambia shemeji, "Shemejiyo si haba." Si haba! Huko Nakuru mtu akiniambia si haba namrudishia gari lake bovu. Lakini nilitembea nalo neno hilo hadi nyumbani, nikamweleza mke wangu mara mbili, na ya pili alijifanya hajalisikia.

Tulirudi Kiamunyi mwisho wa Februari. Machi ilikuwa imekaribia, na mwezi huo kwetu kila mwenye trekta hukumbuka ghafla kwamba anayo. Gereji ilijaa hadi barabarani. "Fundi umerudi! Wacha kutuhepa, boss!" Mama wa chapati aliniwekea tano. Mkulima mmoja wa ngano alizima trekta mbele yangu, akasema mbele ya watu, "Huyu akienda, Nakuru itaenda kwa miguu." Nilivimba kama andazi. Kila jioni nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba sifa, na kila jioni nilingoja mke wangu aseme kitu kuhusu Lamu ili nimpe jibu lisilo jibu. Hakusema. Shemeji alipiga simu mara moja, akaongea na dada yake ya mvua na ya afya, akakata. Aprili ilikuwa inakuja. Nilianza kufikiri kwamba nimeponea.

Mvua ikanyesha. Siku ya tatu ya mvua nilifunga mapema, nikamkuta mke wangu nyuma ya nyumba amejifunga kanga kiunoni, anapanda miche ya sukuma wiki. Si michache ya mboga ya jioni. Alikuwa amelima kipande chote hadi kwenye ua, mistari sita iliyonyooka, na pembeni kulikuwa na miche mitatu ya parachichi kwenye mifuko ya nailoni. Parachichi hukaa miaka kabla ya kuzaa. Hakuna apandaye parachichi mahali anapoondoka.

Alikuwa anatimiza ahadi yake. Kutojibu kwangu alikuhesabu kuwa nimeshindwa, kwa hiyo hatanitajia tena. Aliamua peke yake, bila kununa, akanunua miche.

Nilisimama pale na mikono yangu ya grisi, na furaha niliyodhani nitaipata haikuja.

"Hizo parachichi atakula nani?" nikauliza.

"Wewe na wajukuu."

"Sisi tunaondoka."

Alinyooka polepole, mkono mmoja kiunoni. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mizani ya muuza nyama. "Usiniambie hivyo kwa kunihurumia. Nimeishi hapa miaka ishirini na sita, sikufa. Hata ishirini mingine naweza."

"Sikuhurumii."

"Basi ni nini?"

Nikasema. Sikujua kama ningesema, lakini nilisema. "Naogopa. Kule mimi si mtu. Nikipita wananiuliza kama nimeipa maji. Nitaanza tena kumshikia mwingine tochi, na pengine nitamshikia mpaka nife. Naogopa sana, wallahi. Lakini nilisikia unavyocheka kule uani kwenu, na hapa sijawahi kukisikia kicheko hicho, na sitaki kuzeeka na wewe bila hicho kicheko."

Mvua ya rasharasha ilianza tena, hatukuingia ndani.

"Hapa mimi sikuwa mtu miaka miwili ya kwanza," alisema. "Unajua kilichoniumiza? Si baridi, wala si kibuyu. Ulikuwa ukirudi kutoka kazini unanieleza magari yote ya siku hiyo, moja moja, nami nakusikiliza. Nilikuwa nangoja umalize uniulize, na wewe je, leo umeshindaje? Hukuwahi kuniuliza."

Nilitafuta katika kumbukumbu hata jioni moja ya kujitetea nayo. Miaka ishirini na sita. Sikuipata.

"Mimi nitakuuliza," alisema. "Kila jioni. Twende tu."

Akainama, akaniwekea mche mmoja wa sukuma mkononi, mizizi na udongo wake, akanielekeza mstari ambao haujamalizika, kwa kuwa mpangaji tutakayemwachia nyumba naye ana tumbo la kulisha. Nikapiga magoti kwenye tope. Tulipanda michache. Kisha nikamwuliza, sauti yangu ikiwa ya kijinga kabisa, "Na wewe je, leo umeshindaje?"

Akakaa kitako kwenye udongo, na kanga yake, na mvua, akaanza kunijibu tangu mwaka wa kwanza.